Maoni Yamekusanywa, Jibu Liko Wapi?

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kupita kata kwa kata wakiwa na simu janja, vifaa vya GPS na picha za anga zilizochapwa kwenye karatasi. Kazi yao ilikuwa kuchora kile ambacho ramani za jiji hazikuwa nacho: vichochoro, mitaro, visima, zahanati, na maelfu kwa maelfu ya nyumba zilizojengwa bila hati wala bikoni. Mradi huo uliitwa Ramani Huria. Uliendeshwa na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyuo vyenyewe, na kila kilichochorwa kiliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila kulipa. Tandale ilikuwa imeshatangulia kuchorwa kwa njia hiyo mwaka 2011.

Kazi hiyo ilikuwa na sababu nzito. Mpango mkuu wa Dar es Salaam wa 1979 uliandaliwa jiji likiwa halijafikisha watu milioni moja, nao ukabaki kuwa ndio mpango mkuu wa mwisho kwa zaidi ya miongo mitatu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 mkoani humo. Katika miaka hiyo watu walinunua viwanja kwa wenyeji, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, wakajenga. Kwa makadirio yanayotumika mara nyingi, takriban asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika maeneo yaliyokua bila mpango. Afisa mipango miji anayepitisha barabara juu ya eneo ambalo kwenye karatasi yake ni uwazi mtupu anabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake hulipwa na mwenye nyumba iliyopigwa alama ya X.

Tangu wakati huo zana zimeongezeka. Kuna droni, yaani ndege zisizo na rubani, zinazopiga picha ya kata nzima kwa siku chache. Kuna ramani za mtandaoni ambazo mkazi hubofya mahali na kuandika hapa pana giza, hapa watoto huvuka barabara. Kuna majukwaa ya kidijitali ambako watu hupendekeza, hujadili na kupiga kura. Kuna hata michezo ya kompyuta inayotumika kubuni bustani. Zana hizi zote nazithamini, na nitaeleza kwa nini. Lakini ukizipanga pamoja unaona upungufu mmoja unaojirudia: karibu zote zimeundwa kubeba sauti ya mwananchi kwenda ofisini, na chache mno zimeundwa kumrudishia jibu. Tumekuwa hodari wa kukusanya maoni. Mtu aliyeyatoa hajui yalifika wapi, nani aliyasoma, na kwa sababu gani mstari uliokatiza uwanja wake ulibaki palepale.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo katika ripoti za miradi hutajwa yote kwa jina la ushirikishwaji. La kwanza ni kuripoti kasoro: shimo barabarani, taa iliyozimika, taka zilizorundikana. Uingereza ina huduma ya FixMyStreet tangu 2007, ambayo humwezesha mtu kubofya ramani na taarifa yake ikaenda kwenye halmashauri husika. Ni huduma nzuri, ila anayeripoti shimo hajaulizwa kama barabara yenyewe ilistahili kupita hapo. La pili ni kuchora kilichopo, kama Ramani Huria. La tatu ni kuamua kitakachokuwepo. Hapa ndipo mamlaka yalipo, na ndipo teknolojia inapokonda.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi serikalini katika programu za miji, alichapisha makala iliyoupanga ushirikishwaji kwa ngazi nane, kuanzia ya chini ambapo watu wanachezewa tu hadi ya juu ambapo wakazi wenyewe wanatawala. Kupewa taarifa na kuombwa maoni aliviweka katikati, akaonya kwamba vikiishia hapo mwananchi hana hakika yoyote kwamba neno lake litazingatiwa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye majukwaa mengi ya kidijitali yamekaa kwenye ngazi hizohizo za katikati. Yamezifanya ziwe pana zaidi, watu wengi wakasimama juu yake kwa pamoja, lakini hayajampandisha mtu.

Hata hivyo kuchora kilichopo si jambo dogo, na Ramani Huria inaonyesha kwa nini. Mafuriko ya Dar es Salaam hayafuati kata wala mtaa. Hufuata mteremko, mtaro ulioziba, ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji. Taarifa hizo haziko serikalini. Ziko kwa mama aliyeinua godoro juu ya meza mvua za masika zilipozidi, na kwa fundi aliyechimba mtaro wa jirani. Wachoraji waliuliza wakazi maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita, wakapima mitaro kimo na upana, wakaweka yote kwenye ramani. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo la akili zaidi katika mradi mzima: waliwatafuta wajumbe wa mashina, wakatembea nao, wakachora mipaka ya mashina yao.

Mjumbe hana ofisi wala mshahara, na shina kwa asili ni ngazi ya chama cha siasa. Lakini mgeni akifika, ugomvi wa mpaka ukizuka, msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kutafutwa. Anajua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea na ipi imepangishwa kwa familia sita. Kabla ya hapo mipaka ya eneo lake iliishi kichwani mwake tu. Ilipoingia kwenye ramani, tahadhari ya mafuriko ingeweza kupelekwa kwa mtu anayejulikana, mwenye eneo linaloonekana. Teknolojia iliegemea utaratibu ambao watu tayari wanautumia. Miradi mingi hufanya kinyume: inaanzisha kamati mpya, inazipa fulana na posho, na fedha zikiisha kamati zinakufa.

Ramani hiyohiyo ina upande wa pili. Desemba 2015, mwaka uleule Ramani Huria ilipoanza, bomoabomoa ilipita bonde la Msimbazi, na nyumba za wakazi wa mabondeni zikaangushwa kabla zoezi halijasitishwa kwa muda. Sisemi kwamba ramani ya wanafunzi ndiyo iliyoleta mabuldoza. Serikali ilikuwa na amri zake za muda mrefu kuhusu bonde hilo. Nasema kwamba mkazi anayeulizwa maji yalifika wapi nyumbani kwake ana haki ya kujiuliza jibu lake litatumiwa kumchimbia mtaro au kumhamisha. Akisema ukweli anajenga ushahidi kwamba anaishi mahali hatarishi. Akinyamaza, mtaro hautajengwa. Hakuna programu inayoweza kumwondolea shaka hiyo. Inaondolewa na ahadi iliyoandikwa kabla ya swali kuulizwa: taarifa hii itatumika kwa hili na hili, na ikibidi uhame, utaratibu wa fidia ni huu.

Mwaka 2018 bonde la Msimbazi lilifanyiwa kazi kwa namna nyingine. Kwa miezi kadhaa, maofisa wa wizara na halmashauri, wahandisi, wanazuoni na wawakilishi wa wakazi waliketi katika mfululizo wa warsha za usanifu wa pamoja, ramani zikiwa mezani, wakabishana mto uachiwe nafasi kiasi gani, bustani ikae wapi, nani ahame na nani abaki. Matokeo yake yalikuwa mpango wa bonde zima, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kuutekeleza. Funzo la Msimbazi kwangu ni la ratiba. Watu waliitwa kabla mstari haujachorwa. Katika utaratibu wetu wa kawaida mchoro hukamilishwa ofisini, hubandikwa, tangazo hutolewa, na mwenye pingamizi anaambiwa aje aliwasilishe. Wakati huo mshauri amekwisha kulipwa, na kila badiliko ni gharama ambayo hakuna anayetaka kuibeba.

Kwa wanaotaka kuona jinsi zana inavyoweza kumsogeza mtu karibu na usanifu wenyewe, Kibera, jijini Nairobi, ni mahali pazuri pa kutazama. Hadi 2009 eneo hilo maarufu lilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za umma, mpaka vijana wa hapo walipolichora wenyewe kwa GPS kupitia Map Kibera. Miaka michache baadaye UN-Habitat, yenye makao yake Nairobi, ilishirikiana na kampuni ya Mojang katika programu ya Block by Block, iliyoanza 2012. Wakazi waliketi mbele ya kompyuta na mchezo wa Minecraft, ambao hujengwa kwa matofali ya kidijitali, wakabuni upya uwanja wa michezo wa Silanga. Mtu ambaye hajawahi kusoma mchoro wa msanifu, mwenye alama na vipimo vyake, alipanga ngazi, ukuta na benchi, akazunguka ndani yake, akaona pale palipojificha panapotisha usiku. Kijana wa miaka 15 alimweleza mzee wake jinsi ya kusogeza ukuta, na mzee akamweleza kijana kwa nini usisogezwe. Mchoro wa kitaalamu huwanyamazisha wengi kwa sababu hawausomi. Mchezo ule uliwapa lugha ya kubishana na mtaalamu. Mpaka wake nao uko wazi: unafaa kwa uwanja, bustani, kituo cha basi. Bei ya ardhi, njia ya bomba la majitaka na haki ya mpangaji havijengwi kwa matofali.

Ulaya nako wamejaribu kwa kiwango cha jiji zima. Madrid ilifungua jukwaa la Decide Madrid mwaka 2015, kwa programu huria ambayo miji mingine mingi duniani imeichukua. Kila mkazi aliyeandikishwa aliweza kuleta pendekezo, na likiungwa mkono na asilimia 1 ya wakazi wenye umri wa miaka 16 na zaidi, watu kama 27,000, lilipaswa kupigiwa kura. Mapendekezo yalimiminika kwa maelfu, yakaungwa mkono kwa vipandevipande, na yaliyofikia kizingiti kwa ajili ya kura ya 2017 yalikuwa mawili tu. Mlango ulikuwa mpana na ukumbi mwembamba. Kilichofanikiwa zaidi ni pale manispaa yenyewe ilipoweka jambo mahususi mezani: usanifu mpya wa Plaza de España ulipigiwa kura, na mshindi akajengwa.

Barcelona ilipita njia tofauti kidogo. Ilipoandaa mpango wake wa manispaa wa 2016 hadi 2019 kupitia jukwaa la Decidim, mapendekezo zaidi ya 10,000 yaliingia, mengi yakitoka kwenye mikutano ya ana kwa ana ya mitaa na kisha kuandikwa mtandaoni. Kila pendekezo lilipata hadhi yake hadharani: limekubaliwa, au limekataliwa pamoja na sababu. Mtu aliweza kufuata wazo lake mpaka kwenye kifungu cha mpango kilicholibeba. Jambo hili linaonekana la kiutawala, la kuchosha, lisilopendeza kwenye picha za uzinduzi. Ndilo ninaloliona kuwa la thamani kuliko droni zote.

Lakini mfano unaotufundisha zaidi hauko Ulaya. Uko Mukuru, kusini-mashariki mwa Nairobi, katika vitongoji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, vyenye kaya zipatazo 100,000 zilizobanana kandokando ya viwanda. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni, huku waliokaa juu yake hawana hati. Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, hatua ya kisheria inayosimamisha uendelezaji mwingine ili mpango uandaliwe kwanza.

Tangazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa vitongoji duni ulioanza mwaka 1996 ukipinga bomoabomoa, ulikuwa umetumia miaka mingi kuhesabu nyumba, kuchora mipaka na kuunda vikundi vya akiba. Pamoja na mashirika washirika na watafiti wa vyuo vikuu walionyesha kwa takwimu kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko anayeishi katika mitaa rasmi, kwa huduma mbaya zaidi. Ushahidi huo ndio uliobadilisha mazungumzo. Mukuru haikuwa tena mahali pa kuhurumiwa. Ilikuwa soko kubwa ambalo serikali ilikuwa imewaachia walanguzi.

Kilichofuata ni kazi ya ushirikishwaji ambayo sijaona mfano wake katika ukanda huu. Wakazi walipangwa kwa nyumba kumikumi, kila kundi likatoa mwakilishi, wawakilishi wakakutana kwenye ngazi ya juu yake, na kuendelea mpaka sehemu zilizokusanya maelfu ya kaya. Upande wa pili, mashirika zaidi ya arobaini yaligawanywa katika makundi ya kazi: maji, afya, ardhi, nyumba, fedha, sheria, kila kundi likiwa sambamba na idara ya kaunti. Ramani za kidijitali zilikuwa kila mahali, lakini zilikuwa chombo cha kazi mikononi mwa mfumo huo wa watu. Wapangaji walipofungua ramani na kuonyesha barabara zenye upana wa viwango vya kawaida, kila mmoja aliona idadi ya nyumba zitakazoondoka. Upana ukajadiliwa upya. Barabara zikapunguzwa ili watu wabaki. Hapo ndipo mstari uliposogea kwa sababu ya neno la mkazi, na kila aliyekuwepo alijua umesogea kwa nini.

Kuanzia 2020 barabara, mabomba na vituo vya afya vilianza kujengwa, chini ya chombo kipya cha serikali kuu kilichopewa baadhi ya majukumu ya kaunti. Kisha, Oktoba na Novemba 2021, mabuldoza yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha, na maelfu ya watu wakalala nje. Hicho ni kimojawapo cha vitongoji vilivyopangwa kwa ushirikishwaji mkubwa kuliko vyote Afrika Mashariki. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 nyumba za kando ya mito, Mukuru na Mathare zikiwemo, zikavunjwa tena kwa amri ya kuondoa makazi ndani ya mita 30 za mto. Mfumo mzima wa nyumba kumi, ramani na makundi ya kazi ulikuwa umejengwa kuzungumza na kaunti. Haukuwa na mahali pa kumdai jibu yule aliyeleta buldoza. Tatizo hilo haliko kwenye programu ya simu.

Zanzibar ina historia inayoonyesha wazi kwamba mpango unaochorwa kutoka mbali hauoni maisha ya watu. Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilipangwa mara nne na watu waliotoka mbali: Lanchester mwaka 1923, Kendall na Mill mwaka 1946, Wajerumani Mashariki mwaka 1968, Wachina mwaka 1982. Majengo marefu ya Michenzani yalitokana na mpango wa 1968, yakipita juu ya mitaa iliyokuwa na nyumba na mabaraza. Mpango wa eneo uliokamilika 2016, Ng'ambo Tuitakayo, ulianza kwa kutembea mitaani na kuorodhesha majengo na sehemu zinazobeba maisha ya watu, zikiwemo baraza za mazungumzo. Mwaka huohuo droni za Kamisheni ya Ardhi, zikirushwa na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zilianza kupiga picha visiwa vyote. Picha ya anga inaonyesha paa. Baraza iliyo chini ya paa hilo inaonyeshwa na mtu anayeitumia.

Yako makundi ambayo zana hizi huyapita bila kuyaona, na kubwa kuliko yote ni wapangaji. Urasimishaji wa makazi Dar es Salaam unamtambua mwenye kiwanja: yeye ndiye anayepimiwa, anayechangia, anayesaini. Aliyepanga chumba kimoja kwa miaka kumi hayumo, ijapokuwa barabara ikipita na kodi ikapanda yeye ndiye wa kwanza kuhama. Jukwaa la mtandaoni halimzuii kuingia, lakini halimwiti pia. Wapo wenye simu za kitochi wasioweza kufungua ramani yoyote. Wapo akina mama ambao bando lao la wiki linaishia kwenye biashara ya WhatsApp. Halafu kuna mpango wenyewe, ripoti ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza, ambayo mjumbe wa shina anatakiwa aitolee maoni. Hili la mwisho halihitaji teknolojia yoyote kulirekebisha, na ndiyo maana linaniudhi.

Wajibu wa kujibu ungeonekanaje, basi? Kenya imeuweka ushiriki wa wananchi ndani ya Katiba ya 2010, na mahakama zake zimelazimika kuamua ushiriki huo una maana gani. Julai 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Rufani ilisema Bunge lilipaswa kueleza sababu za kukubali au kukataa maoni ya umma. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Upeo ilitengua uamuzi huo: hakuna wajibu wa wazi unaolazimisha sababu hizo zitolewe kwa maandishi. Kesi ilihusu kodi, lakini swali ni lilelile linalomkabili mkazi wa bondeni mwenye pingamizi mkononi. Kwa sasa jibu analopata, hata katika nchi iliyokwenda mbali zaidi kisheria katika jambo hili, linategemea hiari ya ofisi.

Katika mipango miji hiari hiyo inaweza kugeuzwa kanuni bila kungoja katiba. Kila pingamizi lipewe namba, kama risiti, iwe limeletwa kwa programu ya simu, kwa ujumbe mfupi au kwa mdomo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mchoro ulioombewa maoni na mchoro uliopitishwa viwekwe pamoja, mistari iliyosogea ikiwa na rangi yake, na pembeni namba za maoni yaliyoisogeza. Yaliyokataliwa yaandikiwe sababu kwa Kiswahili na jina la cheo cha aliyekataa. Programu za kufanya hivyo zipo na nyingi ni za bure. Gharama halisi ni mishahara ya maofisa wawili au watatu katika halmashauri ambao kazi yao ya kila siku itakuwa kusoma na kujibu, na fungu hilo ndilo ambalo sijawahi kuliona katika bajeti ya mradi wowote wa ramani shirikishi.